Msalaba wa Muiredach kule Ayalandi: wanaouita "Biblia ya wasiojua kusoma" wameangalia nusu tu

#1 MkaziWaBoyne

Wakuu, salaam kwenu.

Naishi huku Ayalandi, kaunti ya Louth, na kuna kauli moja nimeichoka. Basi la watalii linaegeshwa Monasterboice, watu wanashuka, kiongozi wao anasimama mbele ya msalaba mrefu wa mawe na kuwaambia kwamba hii ilikuwa Biblia ya wakulima wasiojua kusoma. Picha zinapigwa, watu hao wanarudi kwenye basi. Kauli yenyewe si uongo mtupu, ila ukishaisikia huangalii tena. Naomba tuuangalie taratibu, na mwenye swali aulize.

Monasterboice iko kaskazini kidogo ya mji wa Drogheda. Ilianza kama monasteri ya Mtakatifu Buithe, aliyefariki karibu mwaka 521. Ukifika leo unakuta kuta za makanisa mawili yasiyo na paa, mnara wa mviringo uliovunjika ncha, makaburi ya zamani na mapya, na misalaba mitatu. Mnara huo uliungua mwaka 1097, vitabu na mali za monasteri zilizokuwa ndani zikateketea. Ndiyo maana fikra za watu wa pale tunazisoma zaidi kwenye mawe.

Ninaouzungumzia ni ule wa kusini, Msalaba wa Muiredach. Urefu wake ni takribani mita 5.5, ni jiwe la mchanga, na vipande vyake ni vitatu tu: kitako, kisha shina pamoja na mikono na duara (ile pete inayozunguka makutano ya mikono na shina) vyote katika jiwe moja, halafu juu kabisa kofia iliyochongwa kama kijumba chenye paa la mgongo, na vigae vyake vinaonekana. Chini ya shina, upande wa magharibi, wamelala paka wawili. Mmoja anamlamba mwanawe, mwenzake ana ndege kwenye makucha. Hapo ndipo palipo na maandishi, kwa Kiayalandi cha kale: OR DO MUIREDACH LAS NDERNAD IN CHROS. Yaani, ombeni kwa ajili ya Muiredach aliyefanya msalaba huu utengenezwe.

Muiredach ni nani? Wengi humtambua kuwa Muiredach mac Domnaill, abati wa hapo aliyefariki mwanzoni mwa miaka ya 920. Yupo Muiredach mwingine aliyefariki mwaka 844, lakini mtindo wa uchongaji unamvuta zaidi huyu wa baadaye. Tarihi za Ulster, yaani kumbukumbu za kale za Ayalandi za mwaka kwa mwaka, zinapoandika kifo chake zinamtaja kama mrithi mteule wa kiti cha Armagh (kanisa la Mtakatifu Patrick), msimamizi mkuu kwa Uí Néill wa kusini (ukoo wa wafalme), na kichwa cha mashauri ya watu wote wa Brega, nchi ya eneo hili, walei na makleri. Alikuwa mtu wa vikao, wakuu. Mtu wa mapato na siasa za kanisa. Shikeni hilo, tutalihitaji.

Naendelea chini.

#2 ChaiYaRangi

Naweka kambi hapa. Ila picha ziko wapi mkuu? Uzi wa jiwe bila picha ni sawa na kusimuliwa pilau.

#3 MkaziWaBoyne

Haha, ChaiYaRangi, utasimuliwa tu. Picha nyingi za mtandaoni zimepigwa jua likiwa usoni mwa jiwe, na michongo inalala yote. Unahitaji mwanga wa ubavuni ili uone kitu.

Tuanze upande wa mashariki, chini kwenda juu. Kisanduku cha kwanza kina visa viwili pamoja: Adamu na Eva kwenye mti, na pembeni yao Kaini anampiga Abeli. Juu yake Daudi na Goliathi, Goliathi ameshapiga magoti. Kinachofuata ni Musa akipiga mwamba, na mbele yake Waisraeli wenye kiu wamepangwa safu juu ya safu kama watu waliokaa ukumbini. Kisha Mamajusi mbele ya Maria na Mtoto. Ukiwahesabu wageni wale unapata wanne badala ya watatu, na wataalamu bado wanabishana kama wa nne ni Yosefu au ni nani.

Halafu unafika kwenye kichwa cha msalaba, na hapo ndipo kazi ilipo. Ni Hukumu ya Mwisho. Kristo amesimama katikati, mkono mmoja ameshika msalaba na mwingine fimbo, juu ya kichwa chake yuko ndege. Upande wake wa kuume yuko Daudi na kinubi, na nyuma yake wamejipanga waliookoka, wote wanamtazama Kristo. Upande wa kushoto waliolaaniwa wamegeuza migongo na wanaondoka, shetani mwenye uma wa meno matatu anawaswaga kama ng'ombe wanaopelekwa josho.

Chini ya miguu ya Kristo, Malaika Mkuu Mikaeli anapima roho kwenye mizani. Sasa tazama chini ya mizani. Kuna shetani amelala chali, ana kijiti mkononi, anakichomeka kwenye mizani ili ilemee upande wake. Anachakachua! Miaka 1,100 iliyopita mchongaji alijua kwamba penye mizani hapakosi mtu wa kuchezea mizani.

Kwa wanaopenda kulinganisha, ile Hukumu ya Mwisho maarufu ya mlango wa kanisa la Autun, Ufaransa, ilichongwa kama karne mbili baada ya hii.

#4 BiSalome_K

Asante kwa uzi, mwanangu. Mimi nimefundisha dini miaka mingi na hapo nakupinga kidogo. Hicho ulichokieleza ndicho hasa Papa Gregori Mkuu alichomwandikia Askofu Serenus wa Marseille, karibu mwaka 600: picha kanisani ni kwa ajili ya asiyejua herufi, ili asome ukutani kile asichoweza kukisoma kitabuni. Serenus alikuwa anazivunja picha, Papa akamkanya. Adamu na Eva, Daudi na Goliathi, Mamajusi, Msalaba, Hukumu. Hiyo ni katekisimu kamili. Kwa nini unaiona kauli ya kiongozi wa watalii kuwa nusu?

#5 MkaziWaBoyne

Shikamoo Bi Salome. Hoja yako ni nzito, na sibishi kwamba mkulima wa pale aliletwa mbele ya jiwe hili akaelezwa. Monasteri za Ayalandi hazikuwa na watawa peke yao, zilikuwa na wakulima wao, mafundi, wanafunzi, wageni, hata wafalme walipita. Ninachosema ni kwamba aliyepanga visa hivi alikuwa anazungumza na watu waliosoma sana, na hao wakulima walipewa kipande chao tu.

Nitoe mfano mmoja, na ndio nilioupenda kuliko yote. Upande mwembamba wa kaskazini, juu kabisa, kuna watu wawili wamekaa wakitazamana, na katikati yao kuna mkate. Ni Paulo wa Thebe na Antoni wa Misri, wakaapweke wa jangwani. Kisa chao hakimo kwenye Biblia. Kimo katika maisha ya Paulo yaliyoandikwa na Mtakatifu Yeronimo karne ya nne. Antoni, akiwa mzee wa miaka 90, anasafiri jangwani kumtafuta Paulo. Wanapokutana, kunguru ambaye kwa miaka 60 amekuwa akimletea Paulo nusu mkate kila siku, siku hiyo analeta mzima, maana mgeni amefika. Sasa unaanza ugomvi wa heshima: nani aumege? Paulo anasema wewe ni mgeni wangu, Antoni anasema wewe ni mkubwa wangu. Wanabishana hadi karibu jioni. Mwishowe wanaushika kila mmoja upande wake na kuuvuta, kila mtu anabaki na kipande kilichomo mkononi.

Kisa hicho kinamhusu nani? Mkulima wa Louth mwenye ng'ombe zake? Kinamhusu mtawa, tena abati, mtu anayepaswa kujua ni nani wa kutanguliwa na ni nani wa kutangulia mezani. Na kimechongwa kwenye misalaba mingine pia, Moone na Castledermot kule kaunti ya Kildare. Walikipenda kwa sababu walijiona watoto wa watawa wa Misri.

#6 KunguruMweusi

Jina langu limetajwa, sina budi kuingia.

Swali: Misri na Ayalandi wapi na wapi? Karne ya kumi mtu wa Louth amejuaje habari za jangwa la Misri? Isije ikawa ni zile hadithi za mtandaoni kwamba kila kitu kilitoka Misri.

#7 MkaziWaBoyne

Hapana mkuu, hapa ushahidi upo, na mwingi ulipitia vitabu. Maisha ya Antoni yaliandikwa na Athanasi wa Aleksandria, yakatafsiriwa Kilatini, yakasomwa Ulaya yote ya Magharibi. Yeronimo aliandika Kilatini moja kwa moja. Ukiwa na vitabu hivyo viwili jangwa zima la Misri limeshaingia maktabani kwako.

Lakini kuna kitu cha kushika mkononi pia. Mwaka 2006, kwenye kinamasi cha mboji kinachoitwa Faddan More, kaunti ya Tipperary, mtu anayechimba mboji kwa mashine aliibua kitabu cha Zaburi cha karibu mwaka 800. Kilikuwa kimelowa na kusinyaa, ila jalada lake la ngozi lilibaki. Jumba la Makumbusho la Taifa lilipolichunguza jalada hilo, ndani yake kama bitana walikuta mafunjo. Mafunjo, ndugu zangu, yale ya mto Nile, yamekwama kwenye tope la Tipperary. Siwezi kukuambia jalada lilipita mikono ya nani, ila bidhaa kutoka upande ule ilifika.

#8 FundiMawe

Nimesoma kimya kimya, sasa nauliza ya kwetu mafundi.

Umesema shina, mikono na duara ni jiwe moja. Na duara limetobolewa, sivyo? Yaani kuna matundu manne kati ya mikono na pete. Hapo roho ya fundi inakuwa mkononi. Ukipiga tindo vibaya kwenye kona ya mkono na shina, mkono unaondoka na kazi ya miezi imekwisha. Je, pete ile ni urembo au ni ya kushikilia mikono?

La pili: waliichonga ikiwa imelala au imesimama?

#9 MwanaKitui

Hapo kwa pete nami nina swali. Nimesoma kwa mapadre wa Kiayalandi, wale wa Kiltegan, walikuwa wengi sana huku Kitui na Turkana. Msalaba wa pete walikuwa nao kwenye vitabu vyao. Padre mmoja alituambia Mtakatifu Patrick aliuchukua msalaba akauunganisha na jua ambalo wapagani waliabudu, ndio wakubali dini upesi. Sasa hiyo ni ukweli ama ni stori ya darasani?

#10 MkaziWaBoyne

FundiMawe na MwanaKitui, nawajibu kwa pamoja maana maswali yenu ni mamoja.

Kuhusu Patrick na jua: hakuna maandishi ya zamani yanayosema hivyo. Patrick ni wa karne ya tano, na misalaba hii mikubwa ya mawe inaanza kuonekana karne ya nane. Kuna pengo la miaka 300 hapo. Ni hadithi tamu ya wakati wa karibu zaidi.

Wengine huiona pete kama shada la ushindi, mtindo wa Kirumi, lile linalozunguka alama ya Kristo. Wengine wanaona duara la ulimwengu lenye Kristo katikati. Mimi navutwa na habari ya kisiwa cha Iona, huko Uskoti, monasteri aliyoianzisha Colm Cille (ndiye Mtakatifu Columba) mwaka 563. Pale kuna Msalaba wa Mtakatifu Yohane wa karne ya nane, mikono yake ina upana unaozidi mita mbili. Uliunganishwa kwa vipande, ulimi wa jiwe unaingia kwenye tundu la jiwe, kiseremala kabisa. Inaonekana ulilemewa na mikono yake, na vipande vya pete viliongezwa baadaye kuishikilia. Wapo wataalamu wanaoona kuwa huo ndio msalaba wa kwanza wa mawe wenye pete, na waliokuja nyuma wakaiga umbo.

Kwa hiyo fundi, inawezekana kabisa ilianza kama gadi, ikaja kuwa urembo, mwishowe ikapewa maana.

Kuhusu kulala au kusimama: sina jibu la uhakika, ila ukitaka kuona hatua za kazi nenda Kells, kaunti ya Meath, makaburini kwa kanisa la Mtakatifu Columba. Upo msalaba ulioachwa njiani. Umbo limekatwa, pete imeanza, mahali pa sanamu pameachwa pameinuka kama matofali yaliyotuna, na Kristo msalabani ndio kwanza anaanza kutoka kwenye jiwe.

#11 FundiMawe

Ahsante sana. Hayo matofali yaliyotuna ni kawaida yetu. Unaacha nyama ya jiwe mahali patakapotoka uso au mkono, unateremsha uwanja wa nyuma kwanza, halafu ndio unarudi kwenye sura. Ukianza na sura, uwanja wa nyuma utakusumbua.

Na jiwe la mchanga linakubali kazi hiyo. Ingekuwa graniti usingepata shetani na kijiti chake.

#12 MkaziWaBoyne

Umenifungulia mlango fundi. Msalaba wa Moone niliokwisha kuutaja ni wa graniti, na ndivyo ilivyotokea. Kitako chake kina mitume kumi na wawili: mwili wa kila mmoja ni kisanduku, kichwa ni umbo la yai lililochongoka, miguu miwili midogo chini, basi. Muujiza wa mikate umechongwa bila mtu hata mmoja: mikate mitano ya duara, samaki wawili, na viumbe viwili vinavyofanana na mikunga. Watu huucheka wanasema fundi hakujua kuchora. Mimi naona alilijua jiwe lake, akaacha kulilazimisha. Una nguvu ule msalaba, unausoma ukiwa mbali.

Lakini Muiredach ni dunia nyingine. Upande wa magharibi, chini, Kristo anakamatwa. Amesimama katikati na vazi refu, limefungwa begani kwa bizimu kubwa ya duara, ya aina ambayo wakubwa wa Ayalandi wa wakati ule walivaa. Askari wawili wamemshika, panga mkononi, na masharubu yao yamechongwa yakining'inia. Hawakuchongwa kama askari wa Kirumi hata kidogo. Mtu wa Louth mwaka 920 aliwatambua watu wale kwa mavazi.

Kisanduku cha juu yake ni Tomaso akitia kidole ubavuni. Cha tatu, Kristo anampa Petro funguo na Paulo kitabu. Ndipo unafika kwenye kichwa: Kristo msalabani, mwenye mkuki upande mmoja, mwenye sifongo la siki upande mwingine. Na ukiinama ukatazama chini ya mkono mmoja wa msalaba, mahali ambapo hakuna mtu anayetazama, kuna kiganja kimechongwa, vidole vyote vitano. Ni Mkono wa Mungu.

#13 BiSalome_K

Funguo kwa Petro na kitabu kwa Paulo nakijua, kipo tangu zamani kule Roma. Naanza kukuelewa unakoelekea na yule abati wako wa vikao.

#14 MkaziWaBoyne

Ndiyo mama, huko huko.

Armagh wakati ule ilikuwa inadai ukuu juu ya makanisa yote ya Ayalandi kwa jina la Patrick, na Muiredach ndiye aliyekuwa akisimamia mambo yake upande wa kusini. Mtu wa namna hiyo anaweka jina lake chini kabisa ya upande wa magharibi, na juu ya jina lake anapanga kukamatwa, ushuhuda wa Tomaso, kisha kukabidhiwa mamlaka. Haya ni maoni yangu, siwezi kuapa kwamba aliwaza hivyo. Ila sioni kama kisa cha funguo kiliwekwa pale kwa bahati.

Kwa mfano ulio wazi zaidi nenda Clonmacnoise, monasteri nyingine kando ya mto Shannon. Kuna Msalaba wa Maandiko, takribani mita 4, wa mwanzoni mwa karne ya kumi. Maandishi yake yanaomba sala kwa ajili ya Mfalme Flann, yaani Flann Sinna, aliyekuwa Mfalme Mkuu kuanzia 879 hadi 916, na kwa ajili ya Colman aliyeutengeneza. Colman alikuwa abati, na wao wawili ndio walioinua kanisa la mawe la pale mwaka 909. Chini ya shina kuna watu wawili wameshika nguzo moja, kama wanaisimika pamoja, mmoja ana mavazi ya kanisa na mwingine ana upanga. Wengi wanawatambua kuwa mfalme na abati wanaanzisha kanisa, ingawa wapo wanaosema ni mwanzilishi Ciarán na mfalme wa zamani Diarmait. Vyovyote iwavyo, picha inasema serikali na kanisa zimeshika kijiti kimoja.

Roger Stalley, mwanahistoria wa sanaa wa Dublin, amejenga hoja kwamba mchongaji mmoja mkuu alihusika na Monasterboice, Clonmacnoise na Durrow pia, wakamwita Fundi wa Muiredach. Ukitazama namna nywele zinavyochongwa na watu wanavyopangwa watatu watatu, ni vigumu kumpinga. Jina lake halisi hakuna aliyeliandika. La aliyelipa gharama limeandikwa.

#15 FundiMawe

Hiyo haijabadilika hadi leo. Jiwe la msingi linaandikwa jina la mheshimiwa.

#16 NduguYohana

Bwana asifiwe. Mimi ninasikitika kidogo. Kutoka 20 iko wazi kuhusu sanamu za kuchonga. Hawa watu walikuwa wanaliabudu jiwe au walikuwa wanamwabudu Mungu?

#17 BiSalome_K

Ndugu yangu, ndiyo maana Gregori alimwambia Serenus mambo mawili kwa pamoja: amefanya vema kukataza watu wasiziabudu, amekosea kuzivunja. Ugomvi wako ni wa siku nyingi sana, tena umejibiwa na kujibiwa tena, hatutaumaliza humu.

#18 MkaziWaBoyne

NduguYohana, karibu. Niongezee tu kuhusu matumizi. Misalaba hii ilikuwa na kazi nyingi. Ilionyesha mipaka ya ardhi takatifu, ambapo mtu anayekimbizwa aliweza kupata kimbilio. Watu walisali mbele yake, maandamano yalisimama hapo. Kells upo mmoja unaoitwa Msalaba wa Soko, jina lenyewe linakuambia uliishia wapi, kati ya biashara na mikokoteni. Mwaka 1996 uligongwa na gari, ndipo ukahamishiwa mbele ya jengo la mahakama ya zamani na kujengewa paa.

#19 KunguruMweusi

Nina moja la kuchokoza. Nilisoma mahali kwamba waliacha misalaba ya dhahabu na fedha wakaenda kwenye mawe kwa sababu ya Waviking. Mwizi hawezi kubeba jiwe la mita tano. Hili nalo ni la darasani?

#20 MkaziWaBoyne

Linavutia, ila tarehe zinaligomea. Waviking walishambulia Ayalandi mara ya kwanza mwaka 795. Misalaba ya Iona niliyoitaja inawekwa kabla ya hapo, katikati ya karne ya nane. Mawe yalikwisha anza wakati pwani bado imetulia.

Ulichosoma kina chembe moja ya kweli nayo ni kuhusu madini. Nenda Ahenny, Tipperary: misalaba ile imefunikwa misokoto na mizunguko mitupu, na juu ya mikono na pete yametoka mafundo ya mviringo makubwa kama vichwa vya misumari. Jiwe halihitaji msumari. Fundi alikuwa anaiga msalaba wa mbao uliovikwa mabati ya shaba, ambao kweli ulishikwa kwa misumari ya kupamba. Na mmoja wa namna hiyo umepatikana: mwaka 1986 ziwani Tully, kaunti ya Roscommon, ulitolewa msalaba wa mbao uliovikwa madini, wa karne ya nane au ya tisa, sasa uko Dublin. Ukiuona huo, Ahenny inaeleweka papo hapo. Na paa la vigae juu ya Msalaba wa Muiredach ni tabia ile ile, jiwe linajifanya nyumba.

Waviking walikuwepo jirani, hilo ni kweli. Mwaka 841 walipiga kambi Linn Duachaill, pwani ya Louth hii hii, na mwaka huo huo Dublin. Muiredach aliishi nao maisha yake yote. Ukitaka kuona Goliathi kama mgeni aliyeshuka na mashua sitakuzuia, lakini jiwe lenyewe halisemi hivyo.

#21 ChaiYaRangi

Mkuu, ilikuwa hivi hivi rangi ya jiwe? Maana kijivu chote hicho, shetani mwenye kijiti mita nne juu, mkulima alimwonaje?

#22 MkaziWaBoyne

Swali bora la uzi mzima. Wapo wataalamu wanaoamini ilipakwa rangi, na mimi nawaunga mkono. Jiwe tupu halimfikishii mtu wa chini yale yaliyo kichwani. Weka nyekundu, njano na buluu kwenye mavazi, ghafla umati wa Hukumu unatengana mtu na mtu. Miaka elfu ya mvua ya huku haiachi rangi nje, nyie hamuijui mvua ya huku.

Mvua hiyo hiyo ndiyo inayonitia wasiwasi. Clonmacnoise walihamisha misalaba yao ndani ya jengo la wageni mwanzoni mwa miaka ya 1990, nje wakasimamisha nakala. Msalaba wa Yohane wa Iona nao uko ndani, nje kuna nakala ya zege tangu 1970. Muiredach bado yuko nje, anapigwa na upepo. Msalaba wa magharibi wa hapo hapo Monasterboice, mrefu kuliko yote Ayalandi, kati ya mita 6.5 na 7, una visanduku vingi zaidi, na vingi vimeliwa kiasi kwamba unabaki kukisia. Unaona mtu, huoni ni nani.

#23 MwanaKitui

Mimi ningeuacha nje. Ukiutoa hapo makaburini unabaki na kitu cha museum.

#24 FundiMawe

Mimi ningeuingiza ndani kesho. Jiwe la mchanga likishaanza kubanduka ngozi halirudi. Pete ile ikipata ufa wa barafu mtaokota vipande. Wekeni nakala nje, wafu hawatalalamika.

#25 MkaziWaBoyne

Niko na fundi, ingawa moyo uko na MwanaKitui. Wenyeji wenyewe hawajakubaliana.

#26 ChaiYaRangi

Nina binamu Dublin na mwezi wa tisa natarajia kufika. Kiingilio ni kiasi gani, na niende saa ngapi?

#27 MkaziWaBoyne

Hakuna kiingilio, ni makaburi ya watu, unaingia tu kwa adabu zako. Kutoka Dublin unafuata barabara ya M1 kwenda kaskazini, ukishavuka mto Boyne na kupita Drogheda unatoka, vibao vipo. Bila gari panasumbua kidogo, shuka Drogheda uchukue teksi.

Upande wa mashariki, wa Hukumu, nenda asubuhi jua likiwa limeshapanda na linaangaza kutoka ubavuni. Upande wa magharibi, wa paka na jina la Muiredach, baada ya saa tisa alasiri. Beba tochi hata kama ni mchana: ukiiweka ubavuni mwa jiwe, usiielekeze usoni, masharubu ya askari yanatokea yenyewe. Usiguse michongo. Na kabla hujaondoka inama chini ya mkono wa kaskazini utafute kile kiganja, wengi wanaondoka hawajakiona.

#28 ChaiYaRangi

Nimeandika yote. Binamu ataniona nimechanganyikiwa, kumwomba tochi saa nne asubuhi.